Baiskeli ya Mashindano: Kwanza Mwili, Halafu Breki, Mwisho Rangi

Leo tunazungumza juu ya kununua baiskeli. Si ile ya kubebea mkungu wa ndizi kwenda sokoni, bali baiskeli mpya ya mashindano ya mwendo mrefu.

Huenda unajiuliza, muuguzi na baiskeli ni wapi na wapi? Mama, baiskeli ni kama kiatu. Kiatu kisichomtosha mtoto kitamchubua. Baiskeli isiyomtosha itamuumiza goti, mgongo na shingo, na siku moja katika mteremko inaweza kumwangusha. Majeraha hayo huletwa kwetu kliniki, na mengi yangeweza kuzuiwa pale dukani, kabla pesa hazijatolewa.

Hapa kwetu mashindano si jambo geni. Naftali Temu, mwana wa Nyamira, ndiye Mkenya wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Siku hizi kuna vijana wanaotamani kushindana kwa baiskeli. Wengine wamesikia habari za traiathloni, yaani mashindano ambayo mtu mmoja huogelea, huendesha baiskeli, kisha hukimbia. Mchezo huo uliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Ule wa mwendo mrefu kabisa una kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42. Kwa hiyo kijana wako akijua kwamba bonasi ya majani chai inakaribia, iwe ni ya Sanganyi, Kebirigo au Nyamache, usishangae akikuletea picha ya baiskeli kwenye simu na kusema, "Mama, nataka hii."

Usimkatalie kwa hasira, wala usikubali kwa haraka. Sikiliza kwanza mambo haya.

JE, NI BAISKELI YA AINA GANI?

Baiskeli tuliyoizoea ni black mamba. Ni nzito, ina karia nyuma, na breki zake huvutwa kwa vyuma. Ni nzuri kwa mizigo, lakini si ya mashindano. Ya pili ni ile ya milimani yenye tairi nene na gia nyingi, ambayo vijana wengi huanza nayo. Ya tatu ni ya mashindano ya barabarani. Hiyo ni nyepesi, tairi zake ni nyembamba, na usukani wake umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo. Ya nne ndiyo ya traiathloni. Hiyo ina vyuma viwili vilivyotokeza mbele ya usukani, na mwendeshaji hulaza mikono yake juu yake ili upepo usimzuie.

Hiyo ya nne ndiyo huvutia macho ya vijana. Imetengenezwa kwa barabara iliyonyooka, kwa mtu anayekimbia peke yake bila kundi karibu naye. Sasa fikiria barabara zetu. Fikiria kuteremka kutoka Keroka hadi Kisii mjini, lami ikiwa na maji, matatu zinasimama ghafla, pikipiki zinatokea kando, na ng'ombe wanavuka. Mikono ikiwa imelazwa juu ya vyuma vile, vidole haviko kwenye breki. Breki ziko kwenye usukani wa nje. Ni lazima mwendeshaji ainuke kwanza, ahamishe mikono, ndipo ashike breki. Katika muda huo baiskeli inaendelea kukimbia.

Hata bingwa huanguka. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na akafundishwa baiskeli na Mkenya David Kinjah. Alishinda mashindano makubwa ya Tour de France mara 4: mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwezi wa Juni 2019, huko Ufaransa, alikuwa akikagua njia ya mashindano kwa baiskeli ya namna hiyo, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Alitoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi, na upepo ukampiga. Aligonga ukuta, akavunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu. Huyo ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha baiskeli.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi ni huu: kijana anayeanza anunuliwe baiskeli ya kawaida ya mashindano ya barabarani. Anaweza kuitumia katika mbio za baiskeli, na pia katika traiathloni. Vyuma vya kulalia mikono vinaweza kuongezwa baadaye, akishakomaa. Tena, katika mbio za kawaida za barabarani ambazo waendeshaji huondoka pamoja, vyuma hivyo haviruhusiwi kwa sheria za shirikisho la dunia la baiskeli. Ukinunua ile ya traiathloni, unaweza kuwa umenunua kitu ambacho mtoto hataruhusiwa kushindana nacho katika mbio hizo.

PIMA MWILI KABLA YA KWENDA DUKANI

Wazazi wengi tuna tabia ya kununua sare kubwa ya shule ili mtoto aikulie. Kwa sare si vibaya. Kwa baiskeli ni hatari. Mtoto aliye juu ya baiskeli kubwa hafiki chini anaposimama, hujinyoosha kupita kiasi ili ashike breki, na akiteleza huangukia bomba la fremu kwa msamba.

Chukua futi ya fundi cherehani. Mtoto avue viatu, asimame akiwa ameegemea ukuta, miguu iachane kidogo. Aweke kitabu kigumu katikati ya miguu, akivute juu hadi kiguse msamba kama vile angekaa juu ya kiti cha baiskeli. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Andika namba hiyo.

Tuseme umepata sentimita 78. Zidisha kwa 0.66 na utapata karibu 51. Hicho ndicho kipimo cha fremu cha kuanzia kutafuta, maana fremu za baiskeli za barabarani mara nyingi huuzwa kwa sentimita. Kisha zidisha 78 kwa 0.88, utapata karibu 69. Huo ni urefu wa kuanzia wa kiti, kutoka katikati ya mhimili wa pedeli hadi juu ya kiti. Hizi si amri, ni mahali pa kuanzia. Mwili wenyewe ndio utakaosema ukweli wakati wa kujaribu.

Dukani, fanya majaribio manne:

Kwanza, mtoto asimame chini akiwa amepanua miguu juu ya bomba la fremu. Nafasi ya vidole viwili au vitatu ibaki kati ya bomba na msamba.

Pili, akae juu ya kiti, wewe ukishikilia baiskeli. Aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Akiweka sehemu ya mbele ya wayo, goti lipinde kidogo. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma upande wa mbele. Kikiwa juu mno, huuma nyuma, na kiuno huyumba.

Tatu, ashike usukani. Viwiko vipinde kidogo, mabega yatulie. Ikiwa amejinyoosha kama anayefikia embe mtini, baiskeli hiyo ni ndefu kwake.

Nne, avute breki zote mbili. Vidole vifike bila taabu. Kwa mikono midogo, breki nyingi zina skrubu ndogo ya kuzisogeza karibu. Mwambie muuzaji aikaze mkiwa hapo hapo.

Kumbuka pia umri. Wasichana wengi hukaribia kumaliza kurefuka wakiwa na miaka 15, na wavulana miaka 17 hivi au zaidi. Kijana wa miaka 13 ataipita baiskeli yake upesi. Huyo usimnunulie ya bei kubwa. Mnunulie ya wastani inayomtosha sasa, muiuze atakapokua, kisha muongeze pesa.

BREKI KABLA YA GIA

Kijana atakuuliza, "Ina gia ngapi?" Wewe uliza, "Inasimama vipi?"

Huku kwetu ni milima na mvua karibu mwaka mzima. Kuna breki za raba zinazobana rimu, na kuna breki za disiki zinazobana sahani ndogo katikati ya gurudumu. Mvua inaponyesha, rimu hufunikwa na maji. Raba hulazimika kwanza kuyafuta maji hayo ndipo zishike, na wakati huo baiskeli bado inakwenda. Disiki iko mbali na maji ya barabarani na hushika mapema zaidi. Kama uwezo upo, chagua disiki. Lakini muulize fundi wako kama anazifahamu na kama vipuri vyake anaweza kuvipata. Breki nzuri isiyoweza kutengenezwa Nyamira si breki nzuri kwako.

Kama ni za raba, chagua rimu za aluminiamu. Rimu za kaboni zikibanwa kwa muda mrefu kwenye mteremko zinaweza kupata moto hadi kuharibika. Zile zenye kimo kirefu pia husukumwa na upepo wa kando, na mtoto mwepesi huyumba.

Jambo lingine: jua ni mkono upi unashika breki ya mbele. Katika baiskeli nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya bara na Marekani, breki ya mbele iko kushoto. Katika zile za Uingereza, iko kulia. Mtoto aliyezoea moja akipewa nyingine na kuvuta kwa nguvu mteremkoni, anaweza kurushwa mbele ya usukani. Ajifunze kwanza uwanjani.

Kuhusu gia, usihesabu wingi. Tafuta baiskeli yenye gia nyepesi ya kupandia: duara dogo la meno kwenye pedeli, na duara kubwa la meno nyuma. Mtoto apande mlima pedeli zikizunguka upesi bila kukazana. Kukanyaga gia nzito kwenye kilima siku baada ya siku huchosha magoti yanayokua.

MPYA AU MTUMBA?

Mpya ni bora ukimudu, lakini mtumba mzuri unaweza kumfaa mtoto. Nenda na fundi unayemwamini. Ageuze baiskeli juu chini. Aangalie viungo vyote vya fremu, hasa karibu na usukani na chini ya kiti, kama kuna nyufa au rangi iliyopasuka. Azungushe magurudumu aone kama yanayumba. Atikise spoki.

Fremu ya chuma au aluminiamu ikipasuka, mara nyingi utaona. Ya kaboni inaweza kuharibika ndani huku nje inang'aa. Ndiyo maana sikushauri ununue kaboni ya mtumba usiyojua historia yake, hata kama bei inavutia.

Angalia pia ncha za usukani. Lazima ziwe zimezibwa. Bomba la usukani lililo wazi, mtoto akiliangukia kwa tumbo, linaweza kujeruhi ini au wengu. Kuziba ncha hizo ni gharama ndogo sana.

Mwisho, dai risiti, na nakili namba iliyochongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya pedeli. Muuzaji anayekataa kutoa risiti, mwache na mali yake.

KITI NA WATOTO WETU WA KIKE

Mama zangu, hapa niseme waziwazi. Kuna wanaowazuia wasichana wasiendeshe baiskeli kwa kusema itawaharibia uzazi au ubikira. Kuendesha baiskeli hakumfanyi msichana awe tasa. Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitangaza kwamba kile kinachoitwa kupima ubikira hakina msingi wowote wa kisayansi. Usimnyime binti yako mchezo kwa sababu ya uvumi.

Kilicho cha kweli ni kwamba kiti kibaya huumiza, awe msichana au mvulana. Nyonga za wasichana kwa kawaida ni pana zaidi, hivyo kiti chembamba cha kiume huenda kisiwafae. Kiti kizuri hubeba mifupa miwili ya makalio. Kisibane sehemu laini za katikati. Mtoto akihisi ganzi, asivumilie. Asimame, apumzike, kisha kiti kirekebishwe. Kaptura ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, ili mshono usichubue, na hufuliwa kila baada ya kutumiwa. Kidonda au jipu sehemu hizo lisifichwe kwa aibu. Mje kliniki.

USIMALIZE PESA KWENYE BAISKELI

Kabla hujaingia dukani, tenga pesa za vitu hivi: kofia ngumu, taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, kengele, pampu, tyubu ya ziada, chupa ya maji, na fundi. Ikiwa baiskeli itakula pesa zote, baiskeli hiyo ni ghali mno kwako. Chagua ya chini yake.

Kofia ndiyo ya kwanza. Mfupa uliovunjika tunaweza kuufunga plasta. Ubongo ulioumia hatuwezi kuurudisha ulivyokuwa. Kofia ikae sawasawa, vidole viwili juu ya nyusi. Kamba zifanye umbo la V chini ya masikio. Chini ya kidevu ipite nafasi ya kidole kimoja tu. Kofia iliyogongwa katika ajali moja haitumiki tena, hata kama haionyeshi ufa.

BAADA YA KUNUNUA

Baiskeli mpya irudishwe kwa fundi baada ya wiki chache, kwa sababu nyaya za breki hulegea na spoki hutulia. Kila asubuhi mtoto akague vitu vitatu: hewa, breki, cheni. Asiongeze umbali kwa pupa. Akianza na kilomita 20, aongeze kidogo kila wiki na apate siku za kupumzika. Mtoto mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu aonwe na daktari kabla ya kuanza mazoezi marefu.

Safari ikizidi saa moja, abebe maji na chakula. Hahitaji vyakula vya pakiti vya bei kubwa. Ndizi mbivu zetu na viazi vitamu vilivyochemshwa vinatosha kabisa.

Na akianguka? Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, na aje tuangalie kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Mpeleke hospitali mara moja, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kisii, ya Kaunti ya Nyamira, au iliyo karibu nawe, ukiona dalili hizi baada ya kugonga kichwa: kuzimia hata kwa muda mfupi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, maneno yasiyoeleweka, au maji na damu kutoka puani au masikioni. Pia kama aligongwa tumbo na usukani na tumbo linauma, hata kama hana jeraha nje. Usingoje kukuche.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Pima mwili wa mtoto nyumbani kabla ya kutazama bei.
2. Usinunue kubwa ili aikulie.
3. Anayeanza, baiskeli ya kawaida ya barabarani inamtosha. Vyuma vya kulalia mikono vingoje.
4. Uliza breki kabla ya gia.
5. Mtumba ukaguliwe na fundi, na risiti itolewe.
6. Pesa ya kofia itengwe kwanza.
7. Binti naye ana haki ya kuendesha.

Mzazi mpendwa, kijana anayetaka kushindana kilomita 180 ana ndoto kubwa, na ndoto si ugonjwa. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba anarudi nyumbani jioni akiwa mzima. Rangi mtamwachia achague yeye mwenyewe.

Kwa leo tunakomea hapo. Kama una swali, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako au fika kwenye zahanati iliyo karibu. Na kumbuka, kinga ni bora kuliko tiba.